Mikono ya Esau



Mfikirieni kijana wa Donholm aliyehitimu akakosa kazi. Usiku kucha anamwandikia insha mwanafunzi aliye ng'ambo, apate kodi ya nyumba na karo ya mdogo wake. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 2022, na biashara hiyo sasa ni kosa kule England. Lakini kijana asema, "Mimi siibi, nauza jasho langu."

Tusome Mwanzo 27. Sauti ilikuwa ya Yakobo, bali mikono aliyoipapasa Isaka ilifanana na ya Esau. Baraka ikapatikana, amani ikatoweka. Yakobo alikimbia, na Labani naye akamdanganya. Hata Rebeka, aliyemvika ngozi za mbuzi, hatusomi kwamba alimwona mwanawe tena. Mwenye kusaidia udanganyifu naye hulipa. Tena, muuguzi akipata cheti bila ujuzi, mgonjwa ndiye aumiaye.

Wapendwa, tusimhukumu kijana huyo hali sisi tumeshiba. Tumtafutie kazi ya halali. Nawe mwanafunzi, afadhali alama chache za mkono wako mwenyewe.

Bwana awabariki. Amina.