Ubena hadi Dubai: Isome Saa ya Tiketi

Leo tunazungumza na msikilizaji wa Ubena Zomozi, Chalinze au Bagamoyo anayesafiri kwenda Dubai.

Kutoka Dar es Salaam ni karibu kilomita 4,000 angani. Ndege isiyotua njiani hutumia takriban saa tano na nusu. Sasa itazame tiketi: kuondoka 16:00, kufika 22:30. Mbona tofauti ni saa sita na nusu? Kila mji umeandikiwa saa zake, na Dubai wametutangulia kwa saa moja.

Hiyo 16:00 ni saa kumi jioni. Hapo wengi hawakosei. Mtego uko usiku. Tiketi ikisema Jumanne 00:30, ndege inaondoka saa sita na nusu, usiku wa kuamkia Jumanne. Kiwanjani unatakiwa Jumatatu, saa tatu na nusu usiku. Ukienda Jumanne jioni, wenzako wameshalala Dubai!

Kwa mtu wa Ubena, kipande kigumu ni barabara ya Morogoro. Angani foleni hakuna. Mbezi na Kimara ipo. Toka mapema, maana kaunta ya mizigo hufungwa kabla ndege haijaondoka.