Nishani Ianzie Kilimani: Namna ya Kuwachagua Wanaostahili Heshima ya Taifa



Nimeombwa nizungumzie nishani za taifa wanazotunukiwa raia, na hasa swali ambalo watu hulinong'ona kila baada ya sherehe: huyu kachaguliwa na nani, na kwa lipi? Kabla sijafika kwenye sheria na katiba, naomba tuanzie nyumbani.

Zamani kabla ya utepe wa kifuani, Burundi ilikuwa na heshima ambayo watu wa kawaida walimpa mtu wa kawaida. Ni ubushingantahe. Jina latokana na gushinga intahe, kuisimika ile fimbo ambayo mwamuzi huigonga ardhini anapokata shauri. Kuitamani heshima hiyo hakukutosha. Mtu alitazamwa kwa miaka: anasemaje mbele ya watu, anamtendeaje mjane jirani yake, akinywa ulimi wake unabaki wapi, akipewa siri anaitunza au anaitembeza. Wazee walimweka karibu, wakamsikilizisha kesi, wakampima bila kumwambia kwamba anapimwa. Siku ya kuatirwa, yaani kusimikwa rasmi, ikifika, kilima kizima, yaani majirani wote, kilikusanyika. Pombe ya ndizi na ya mtama ililetwa na yeye mwenyewe, kiapo kilitamkwa hadharani, na mwenye neno dhidi yake alikuwa na nafasi ya kulisema hapo hapo, mbele ya mkewe na watoto wake. Mkewe naye aliheshimiwa pamoja naye, kwa sababu ilijulikana kwamba nyumba isiyo na haki haiwezi kutoa mwamuzi wa haki. Mhutu aliatirwa, Mtutsi aliatirwa. Baganwa, watu wa ukoo wa kifalme, hawakuatirwa, kwani hadhi yao walizaliwa nayo. Hapo pana fundisho kubwa: wazee wetu walitofautisha kati ya hadhi ya kuzaliwa na heshima ya kustahili.

Sisemi mfumo ule ulikuwa safi. Mwanamke hakuatirwa kwa jina lake mwenyewe, na Batwa waliachwa nje. Dosari hizo ni kubwa na hatuna ruhusa ya kuzirudia. Lakini utaratibu wenyewe, yaani kumtazama mtu kwa muda mrefu, kusema sababu hadharani na kumpa jirani nafasi ya kupinga, ni mali ambayo nchi nyingi zingeitamani.

Wakoloni walileta upimaji wa namna nyingine. Jirani zetu wa Kongo ya Wabelgiji waliletewa kadi ya sifa za kiraia mwaka 1948, kisha mwaka 1952 ikaja hatua ya juu zaidi ya kuandikishwa kama mtu "aliyestaarabika". Tume ilimtembelea mwombaji nyumbani, ikamkagua anavyoishi na familia yake, hata jikoni. Patrice Lumumba mwenyewe aliomba, akakataliwa kwanza, akakubaliwa mwaka 1954. Tazameni tofauti. Kilima nacho kiliingia nyumbani kwa mtu, ila kilitafuta ukweli na huruma. Tume ile ilitafuta ni kiasi gani Mwafrika amefanana na Mzungu. Heshima inayotolewa na mtu asiyeishi nawe humpima mtu kwa vitu vinavyoonekana haraka.

Tangu uhuru tumefuata njia ya dola za Ulaya. Katiba yetu inampa Rais wa Jamhuri mamlaka ya kutunuku nishani za taifa, kama ilivyo katika nchi nyingi, na sina ugomvi na hilo, maana lazima awepo mkono mmoja unaovisha. Swali langu ni la kabla ya mkono huo: jina lilitoka wapi? Hata ubushingantahe wenyewe uliharibika kwa mlango huu. Watawala, wa kikoloni na waliowafuata, walianza kuwavisha watu hadhi hiyo kwa sababu ya kiti cha ofisi, bila kilima kuulizwa. Mkataba wa amani wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulipotaka taasisi hiyo irudishiwe hadhi, ulikuwa unakiri kwamba kuna kitu kilivunjika.

Juu ya nishani zote tunao mashujaa wawili ambao kila mtoto wa shule anawajua: Mwanamfalme Louis Rwagasore, shujaa wa uhuru, na Rais Melchior Ndadaye, shujaa wa demokrasia. Tarehe 13 na 21 Oktoba tunawakumbuka, na tangu mwaka 2019 uwanja wa ndege wa Bujumbura unaitwa kwa jina la Ndadaye. Mwaka 2020 Bunge lilipitisha sheria ya kumpa Rais Pierre Nkurunziza, akiwa bado madarakani, cheo cha Kiongozi Mkuu wa Uzalendo. Mimi naona cheo cha namna hiyo kingengoja. Mtu aliye kitini hawezi kupingwa kwa uhuru na jirani yake, na pasipo uhuru wa kupinga, hata sifa ya kweli haipati uzito wake.

Linganisheni na Rwagasore. Kabla dola haijampa chochote, wafanyabiashara wadogo walishamwamini katika ushirika alioanzisha mwaka 1957, na Waswahili wa Buyenzi walikuwa miongoni mwa waliosimama naye mapema. Uchaguzi wa Septemba 1961 ulipofika, chama chake cha UPRONA kilipata viti 58 kati ya 64. Alipouawa wiki chache baadaye, hapakuhitajika tume ya kuamua kama ni shujaa. Dola iliandika tu kilichokwisha kusemwa mitaani.

Majirani wametangulia katika jambo hili. Kenya ilitunga Sheria ya Heshima za Taifa mwaka 2013, ikaweka kamati ya kumshauri Rais, na mwananchi wa kawaida anaweza kupendekeza jina. Malalamiko hayajaisha, kila mwaka utasikia orodha imejaa wanasiasa na watumishi wa serikali, lakini angalau mlalamikaji ana sheria ya kushika mkononi. Hata Ufaransa iliruhusu mwaka 2008 raia 50 wa eneo moja kutia saini na kumpendekeza mwenzao kwa nishani ya Légion d'honneur. Rwanda imepanga mashujaa wake katika ngazi tatu: Imanzi, Imena na Ingenzi. Na hapo Rwanda ndipo nataka kukaa kidogo.

Katika ngazi ya Imena wamo wanafunzi wa Nyange. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997 washambuliaji waliingia darasani, wakawaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Wakakataa. Wiki sita baadaye, alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, amri ile ile ilitolewa kwetu, katika bweni la seminari ndogo ya Buta, mkoani Bururi. Vijana wetu wakajibu vile vile. Arobaini waliuawa. Wamezikwa pamoja hapo Buta, na mtu anayepita mbele ya makaburi hayo hawezi kujua yupi alikuwa Mhutu na yupi Mtutsi.

Mwaka 2019 Kanisa Katoliki la Burundi lilifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza vijana hao kuwa wenye heri, pamoja na Padre Michel Kayoya aliyeuawa mwaka 1972. Sote, Wakristo na Waislamu, tunaweza kujifunza kitu katika mchakato huo. Mashahidi wanatafutwa na kuhojiwa kwa kiapo. Maandishi ya marehemu yanasomwa. Mwenye pingamizi anasikilizwa. Hakuna anayeharakisha. Ukiuangalia vizuri, unafanana sana na ule wa kilimani.

Basi naomba hivi. Majina ya nishani za raia yaanzie kwenye vilima na mitaa, yakiwa na mashahidi wanaomjua mtu, wanawake na Batwa wakiwa na sauti sawa na wengine. Jina likishapita kwenye tume ya nishani, litangazwe redioni na kubandikwa tarafani pamoja na sababu yake, na watu wapewe miezi miwili ya kusema neno. Aliye madarakani asubiri hadi atoke. Siku ya kuvishwa, sababu isomwe kwa Kirundi chepesi, ili muuza ndagala wa pale sokoni aelewe ni tendo gani linaheshimiwa. Na wawe wachache. Nishani mia kwa siku moja hazimheshimu hata mmoja.

Wasimamizi wa tarafa mliopo hapa, hamhitaji sheria mpya kuanza. Mkirudi nyumbani, iteni mkutano wa kilima na muulize swali moja: wakati wa mauaji ya mwaka 1972, ya mwaka 1993 na ya miaka iliyofuata, nani hapa alimficha jirani yake? Andikeni majina hayo wakati mashahidi wangali hai. Wengi wa mashahidi wa mwaka 1972 sasa wamepita miaka sabini.