Nadharia na Kazi ya Kuiunda: Funzo la Mgogoro wa Ushairi wa Kiswahili



Katika tasnifu nyingi za fasihi ninazopewa kutahini, nadharia huvaliwa kama joho la mahafali. Mwanafunzi anaitaja katika sura ya pili, anamtaja mwasisi wake, anaorodhesha mihimili yake. Inapofika sura ya nne, riwaya inakutwa imekubaliana na kila mhimili. Ukitafuta ukurasa mmoja ambapo riwaya imeibishia nadharia, huupati. Mwanafunzi ametumia nadharia tangu mwanzo hadi mwisho, ila kazi ya kinadharia hajaifanya.

Jioni hii nataka tutenganishe mambo hayo mawili. Nadharia ni maelezo yaliyokwisha kupangwa kuhusu jambo lilivyo na sababu za kuwa hivyo. Kuunda nadharia ni tendo: mtu anakabiliwa na jambo linalomtatiza, analichunguza, anakisia sababu, kisha anairudisha dhana yake kwenye jambo lenyewe aone kama inasimama. Maelezo yanaweza kukaririwa, kukopwa na kurithiwa. Tendo halirithiki, na anayelikwepa hubaki na maneno ya wenziwe.

Historia yetu wenyewe ina mfano mzuri. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi ambaye baadaye alikuwa meya wa Dar es Salaam, alichapisha *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Alikuwa na tungo za washairi waliomtangulia na za wa zama zake. Akajiuliza: ni kitu gani kinachozifanya ziwe mashairi? Akaeleza vina, mizani, mishororo na beti, na akaeleza pia sababu: kwake, shairi ni wimbo. Ukipunguza mizani katika mshororo mmoja, mwimbaji atakwama katikati ya mahadhi. Kanuni zake zilijibu swali la kweli kutokana na ushahidi aliokuwa nao. Hapo ndipo tunaona nadharia ikiundwa.

Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi alitoa *Kichomi*, diwani ya mashairi yasiyofungwa na vina wala mizani. Ukazuka mgogoro mkubwa, magazetini na vyuoni. Wengi walisema hayo si mashairi, na hoja yao ilikuwa fupi: sheria zinajulikana. Tazameni kilichotokea. Kanuni zilikuwa zile zile za Sheikh Amri, lakini sababu iliyozizaa ilikuwa imeachwa nyuma. Wachache waliuliza kama shairi linaloandikwa lisomwe kimya, na msomaji aliyekaa peke yake na kitabu, lina haja ile ile ya mizani aliyo nayo mwimbaji mbele ya hadhira. Maelezo yalikuwa yamegeuka amri.

Wapo waliolirudia swali. Mwaka 1979 M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walichapisha *Kunga za Ushairi na Diwani Yetu*. Walikitafuta kiini cha ushairi katika mpangilio wa lugha, taswira na hisia, na vina na mizani wakaviona kuwa njia mojawapo ya kufikia huko. Mwaka 1988 Ibrahim Noor Shariff, katika *Tungo Zetu*, alikwenda upande mwingine. Alirejea kwenye hazina ya pwani na kuonyesha wingi wa bahari zake, yaani aina za tungo: utenzi, hamziya, wawe wa wakulima, kimai cha mabaharia, utumbuizo. Kumbe urithi wenyewe ulikuwa mpana kuliko sheria zilizotajwa kwa jina lake. Shariff hakuwa mtetezi wa mashairi huru, na watunzi wa *Kunga* hawakuwa walinzi wa mapokeo. Hata hivyo wote walifanya kazi moja: waliziweka tungo mbele ya kanuni na kuziacha zizihoji.

Naye Kezilahabi hakuishia kutunga. Mwaka 1985, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, aliwasilisha tasnifu ya uzamivu kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Kisha zikaja *Nagona* na *Mzingile*, riwaya zinazouliza maswali ya ukweli na ujuzi kwa njia ya masimulizi. Mtu huyu aliandika fikra zake katika kila umbo alilolimudu, kwa kuwa swali lilikuwa hai kwake.

Mgogoro huu unasahihisha jambo tunalolisema sana. Tunalalamika kwamba nadharia tunazotumia zimetoka Ulaya na Marekani, na kwamba tiba ni kupata za Kiafrika. Natamani tuwe nazo nyingi. Lakini sheria za ushairi zilikuwa za kwetu, zilitolewa katika tungo zetu na mwenzetu, na bado ziligeuzwa pingu mikononi mwa waliozipokea bila kuzihoji. Kwa upande mwingine, mwanafunzi anayechukua nadharia iliyotungwa Urusi au Ufaransa, akaipambanisha na utenzi wa Lamu mpaka mhimili mmoja ukavunjika, huyo ameunda nadharia hapa hapa. Asili ya nadharia ina uzito wake, ila haitufanyii kazi ya kufikiri.

Kwa hiyo natoa pendekezo kwa idara zetu. Katika kila utetezi wa tasnifu, mtahiniwa aulizwe maswali matatu. Nadharia hii ilizaliwa ili kujibu swali gani? Matini yako imekataa nini katika nadharia hiyo? Baada ya utafiti wako, ungeiandikaje upya? Anayeweza kujibu la kwanza ameisoma nadharia. Anayeweza kujibu la pili ameisoma fasihi. Wa tatu tumpe shahada bila kusita, kwa sababu amejiunga na Sheikh Amri, Kezilahabi, Mulokozi, Kahigi na Shariff katika kazi ambayo chuo kikuu kilianzishwa kwa ajili yake. Na sisi walimu tuanze kujiuliza maswali hayo kabla ya kuwauliza wao.