Mkono Uliokunjuliwa

Mazungumzo ya redio kwa majira ya Krismasi
Masomo: Zaburi 145:15-16, Luka 15:11-24

Krismasi imekaribia. Leo twataka kusema nanyi juu ya mambo mawili madogo, yaani kadi ya Krismasi iliyotengenezwa kwa mkono, na ndege wa porini anayelishwa kwa mkono. Huenda mtu akauliza, mambo hayo yana uhusiano gani na imani yetu? Tusikilizane kwanza.

Katika Zaburi ya 145 mtunzi amwona Mungu kama mwenye nyumba aliyezungukwa na viumbe wenye njaa. Macho yao yote yamwelekea yeye. Naye hawatishi wala hawafokei. Akunjua mkono wake tu, nao washiba. Tuyashike maneno hayo: mkono uliokunjuliwa.

Desturi ya kupelekeana kadi za Krismasi haikuanza siku za mitume. Ilienea kutoka Uingereza. Mwaka 1840 nauli ya barua huko ilishushwa ikawa peni moja, na watu wakaanza kuandikiana kwa wingi. Mwaka 1843 mtumishi mmoja wa serikali mjini London, Henry Cole, alikuwa na watu wengi mno wa kuwapelekea salamu. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi. Kadi hiyo ilipigwa chapa, kisha ikatiwa rangi kwa mkono, na nyingine ziliuzwa kwa shilingi moja kila moja. Katikati palichorwa jamaa wameketi mezani wakiinua glasi za divai. Watu waliopinga ulevi walinung'unika sana, maana hata mtoto mdogo alionekana akinyweshwa. Lakini tazameni pembeni. Upande mmoja wenye njaa walipewa chakula, na upande wa pili walio uchi walivikwa nguo. Basi tangu mwanzo kadi ya Krismasi ilikuwa na mikono inayotoa. Mara nyingi sisi twaikumbuka meza ya katikati, na hao wa pembeni twawasahau.

Miaka ilipopita, ndege mmoja mdogo mwenye kifua chekundu, aitwaye robini, alianza kuchorwa kwenye kadi hizo. Wakati huo wapeleka barua wa Uingereza walivaa makoti mekundu, na watu wakawapa jina la utani la ndege huyo. Wachoraji nao wakamchora robini akiwa na barua mdomoni, katikati ya theluji. Kadi za namna hiyo zilifika hata huku kwetu Kenya, na watoto wetu wakauliza: huyu ndege ni wa wapi, mbona haonekani shambani? Ni ndege wa nchi za baridi. Mwezi wa Desemba huko ardhi huganda, wadudu huadimika, na usiku mjini London huwa wa saa 16 hivi. Ndege wa gramu 18 asiposhiba mchana, huenda asiione asubuhi. Ndiyo sababu yeye husogea karibu na milango ya watu. Na akizoeshwa kwa upole, hula kiganjani.

Alikuwako Mwingereza mmoja aliyelijua jambo hili vizuri. Jina lake Edward Grey, waziri wa mambo ya nchi za nje tangu mwaka 1905 hata 1916. Neno lake lilisikiwa katika miji mikuu ya Ulaya. Vita Kuu ya mwaka 1914 ilipoanza, yeye ndiye aliyekuwa katika kiti hicho. Baadaye, macho yake yakiwa yamefifia, alikaa sana kwake mashambani Fallodon, akawazoesha robini kula mkononi mwake. Mambo ya ndege aliyaandika katika kitabu kilichotolewa mwaka 1927.

Fikirini, ndugu zangu. Mtu aliyezoea kutoa amri kwa niaba ya dola kubwa hakuweza kumwamuru ndege wa gramu 18 aje. Ilimbidi afanye kama mtu yeyote afanyavyo. Kwanza ndege hutupiwa chakula chini. Kesho na keshokutwa, saa ile ile, chakula husogezwa karibu kidogo. Mwishowe mtu hutandaza kiganja chenye chakula, akatulia kimya, akangoja. Wahenga walisema kweli: mkono mtupu haulambwi. Lakini hata mkono uliojaa haulambwi ukiwa umekunjwa. Na ndege akiisha kutua, mtu akafumba vidole amkamate, kazi ya siku nyingi imepotea. Pengine ndege huyo hatarudi tena.

Hapa twapaswa kuonyana neno moja. Si kila kulisha ni kupenda. Katika mbuga zetu za taifa wageni hukatazwa kuwalisha wanyama, na kuna sababu. Nyani aliyezoeshwa mkate hujifunza kunyang'anya. Huingia magarini na jikoni, akauma watu, na mwisho wake mara nyingi ni kuuawa. Aliyemtupia mkate alicheka akaenda zake. Upendo huuliza: kitu hiki nitoacho kitamjenga huyu, au chanifurahisha mimi tu? Nyumbani, yatosha kuwawekea shomoro na chiriku maji safi na nafaka kidogo mahali paka hafiki.

Sasa turudi kwenye kadi. Siku hizi mtu aweza kupeleka salamu kwa watu mia kwa simu, kwa kubonyeza mara moja. Hatuilaumu simu, imewafariji wengi. Lakini kadi ya mkono yataka kitu ambacho simu haikitaki. Yataka umkumbuke mtu mmoja kwa saa nzima. Unakata karatasi ngumu, unabandika vipande vya maganda makavu ya mgomba kwa gundi ya unga, unachora nyota au hori la ng'ombe, na muda wote huo jina lake limo moyoni mwako. Hakuna fedha nyingi hapo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Na mtu huyo ni nani? Kila mmoja wetu anaye. Labda ni ndugu mliyekosana juu ya mpaka wa shamba, na sasa hamsalimiani hata mazishini. Labda ni kijana wenu aliyekwenda mjini kwa hasira, na Krismasi imepita mara tatu bila yeye kufika. Labda ni mama mjane aliyekuwa akiimba kwaya, akatamkiwa neno baya kanisani, akaacha kuja. Watu hao wako kama ndege wakati wa baridi. Njaa wanayo, lakini wauogopa mkono.

Basi tuwatengenezee kadi hao kwanza. Ndani yake tusiandike kuomba fedha, wala karipio, wala habari za deni la zamani. Tuandike salamu, na kwamba mlango u wazi. Kisha tungoje. Asipojibu mwaka huu, mwaka ujao tumpelekee nyingine. Na siku atakapokuja, tujihadhari na vidole vyetu! Yule baba katika Luka 15 alimwona mwanawe angali mbali, akamkimbilia. Hakumdai hesabu ya mali mlangoni. Lakini sisi, mtu hajaketi bado, twamwuliza: ulikuwa wapi miaka yote hii? Huko ndiko kufumba mkono, na wengi wamerudi walikotoka kwa sababu ya swali hilo moja.

Mungu angaliweza kutuamuru kwa radi. Badala yake alikuja Bethlehemu, mtoto mchanga katika hori, asiyeweza kumkamata mtu yeyote. Na alipokuwa mtu mzima, mikono yake ilipigiliwa misumari ikiwa imekunjuliwa, na haijafumbwa hata leo. Wewe unayesikiliza, uliyekaa mbali kwa hofu, mkono huo ni kwa ajili yako pia.

Na tuombe. Baba yetu, uliyetulisha tulipokuwa waoga, utufundishe kungoja kama wewe ulivyotungoja. Uwakumbuke walio mbali na nyumba zao Krismasi hii. Uikunjue mikono yetu, usituache tuifumbe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.