MAFUTA YA MGANDO: YANAPOFAA NA YANAPODHURU

(Mazungumzo ya mhamasishaji wa afya na wakazi, katika banda la mikutano)



Mimi ni mtoto wenu, mnaniona nikipita nyumba kwa nyumba na daftari langu. Leo nataka tuzungumze juu ya mafuta ya mgando, haya ambayo wengi wetu tunayaita Vaseline hata kama kopo limeandikwa jina lingine. Karibu kila nyumba ninayoingia, hiyo ndiyo dawa ya kwanza. Mtoto anajikuna, mgando. Ameungua, mgando. Ana kikohozi, mgando kifuani. Mara nyingine ni sawa kabisa. Mara nyingine tunauficha ugonjwa chini ya mafuta mpaka unakuwa mkubwa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa na miaka 14, mdogo wangu wa kike alimwagikiwa uji wa moto mkononi. Mama alikuwa kwenye foleni ya mgao. Nilikimbilia kopo, nikampaka mgando kuanzia kiganja hadi kiwiko, nikajiona nimefanya kazi ya daktari. Mtoto akazidi kulia. Tulipofika zahanati, muuguzi alichukua muda mrefu kuyaondoa mafuta yale kabla ya kukiona kidonda, na yeye analia muda wote. Kovu lipo hadi leo. Sisemi mgando peke yake ndio ulioleta kovu lile, lakini najua sikumsaidia.

Ngozi ikiungua, joto linabaki ndani na kuendelea kuunguza hata uji ukishaondoka. Ukipaka mafuta, unalifungia joto humo. Kinachotakiwa ni maji safi ya baridi kwa dakika 20. Najua maji yetu ni ya foleni. Basi kinga beseni chini, mwagia kwa kikombe polepole, maji yale yale yachote umwagie tena. Vua pete au bangili mapema kabla mkono haujavimba. Funika kwa kitambaa safi, uende zahanati, hasa ikiwa ni mtoto, au ni uso, mikono, sehemu za siri, au malengelenge ni makubwa. Usipake dawa ya meno, unga, chumvi, yai wala tope. Mgando una kazi yake baadaye, kidonda kikishafunga na ngozi mpya inakauka na kuwasha.

Sasa mgando ni kitu gani? Unatoka kwenye mafuta ya ardhini, kule kule yanakotoka mafuta ya taa na dizeli, ila umesafishwa sana. Mwaka 1859 kijana wa Marekani aliyeitwa Robert Chesebrough alikwenda kwenye visima vya mafuta huko Pennsylvania, akakuta wafanyakazi wanajipaka uchafu mzito ulioganda kwenye mitambo ili kutuliza majeraha. Akausafisha, na mwaka 1872 akapata hati miliki. Inasemekana yeye mwenyewe alikuwa akiumeza kijiko kila siku. Ninyi msimuige.

Mgando hauna maji na hauipi ngozi maji. Unayazuia yaliyomo yasitoke. Ndiyo maana ukijipaka saa nzima baada ya kuoga, ngozi ikiwa imeshakauka, hupati faida kubwa. Jifute kidogo, ngozi ikiwa bado ina unyevu, ndipo upake, na kiasi kidogo kinatosha. Kiangazi hiki cha vumbi jekundu mtaona tofauti kwa siku chache.

Magaga ya visigino yanasumbua sana akina mama wanaokwenda kuni. Loweka miguu jioni katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kama dakika 15. Sugua kwa jiwe taratibu, si mpaka damu itoke. Kausha, paka mgando kisiginoni, vaa soksi safi ulale nazo. Usipake katikati ya vidole, unyevu ukifungiwa pale unalea fangasi. Mwenye kisukari asisuguliwe na jiwe kabisa, aende zahanati. Na kabla ya kupaka angalia vizuri: ukiona nukta nyeusi yenye uvimbe mweupe kuizunguka, huyo ni funza. Usimchokoe kwa sindano iliyotumiwa na mwingine.

Mtoto aliyebabuka makalio kwa sababu ya nepi: muoshe kwa maji, mkaushe, mwache akae wazi kidogo, kisha paka tabaka jembamba kila unapombadilisha. Ikipita siku tatu bila nafuu, au wekundu umeingia kwenye mikunjo na una vipele pembeni, hiyo huenda ni fangasi na inahitaji dawa nyingine. Midomo iliyopasuka na mchubuko mdogo uliooshwa kwa maji safi na sabuni, mgando unafaa.

Upele ndio unaotudanganya zaidi. Ule unaowasha usiku, katikati ya vidole, viunoni, makwapani. Unaletwa na wadudu wadogo sana wanaochimba ndani ya ngozi, na mgando mtupu hauwamalizi. Mtoto anang'aa, mwasho unapungua kidogo, mama anaridhika, na wiki mbili baadaye nyumba nzima inajikuna. Wazee wanakumbuka kuwa salfa kwa Kiswahili ni kibiriti upele, na jina hilo halikuja bure. Mfamasia huchanganya salfa sehemu 5 hadi 10 katika kila sehemu 100 za mgando, ikapakwa mwili mzima usiku tatu mfululizo. Inanuka, lakini ni dawa. Tafadhali usisage vichwa vya njiti za kiberiti nyumbani ukidhani ni kitu kile kile. Mle mna kemikali nyingine zinazounguza. Dawa yoyote mtakayopewa, watu wote wa nyumba waipake siku moja, hata asiyejikuna. Nguo na mablanketi yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, au yafungwe kwenye mfuko wa plastiki siku tatu au zaidi.

Kuna baka lingine, wazee wangu, ambalo naomba msilifiche: baka lenye rangi hafifu kuliko ngozi, au jekundu, ambalo ukiligusa kwa ncha ya pamba mtu hasikii. Linaweza kuwa ukoma. Dawa yake hutolewa bure, hutumiwa kwa miezi 6 au 12, na anayewahi anapona bila kulemaa. Vilevile vipele vyenye maji pamoja na homa. Mwaka 2024 mpox ilipoenea kwetu Kongo na kuvuka mipaka, tulijifunza kwamba vipele vya namna hiyo haviguswi wala havipakwi mafuta, vinapelekwa kwa mganga.

Mengine niyataje haraka. Usimtie mtoto mgando puani, anaweza kuuvuta mapafuni. Kitovu cha mtoto mchanga kiachwe kikavu. Kafuri isichanganywe kwenye mafuta ya mtoto, ni sumu kwake. Mgando hauzuii jua, kwa hiyo ndugu zetu wenye ualbino wanahitaji kofia, mikono mirefu na mafuta maalumu ya kukinga jua. Na hili naomba radhi mbele ya wazee: mgando unadhoofisha mpira wa kondomu mpaka unapasuka.

Asiyekuwa na hela ya kopo anaweza kutengeneza ya kwake. Chukua vijiko vinne vya mafuta safi ya nazi, alizeti au mise, na kijiko kimoja cha nta ya nyuki iliyokwanguliwa. Weka kwenye bakuli la bati, bakuli liwe ndani ya sufuria ya maji ya moto, lisikae juu ya moto wenyewe, mafuta yakishika moto ni hatari. Koroga mpaka nta iyeyuke. Dondosha tone kwenye sahani baridi: likiwa laini mno ongeza nta, likiwa gumu ongeza mafuta. Mimina kwenye kopo lililochemshwa na kukauka kabisa. Usitie maji, yataota ukungu. Chota kwa kijiko safi, si kidole. Ni afadhali kuliko vile vikopo vya sokoni visivyo na jina, ambavyo vingine vimetiwa mkorogo wa kung'arisha ngozi.

Jumatano saa nne asubuhi tutapika pamoja hapa hapa bandani. Nta ninayo. Kila mmoja alete kopo lake lenye kifuniko, na mwenye mafuta ya mise asisahau kuja nayo.