Mbolea Iliyomo Jarubani

Leo tuko kwenye mpunga, kuanzia Kakese na Mwamkulu hapa Mpanda hadi Mpimbwe.

Jaruba likituamisha maji siku kadhaa, juu hutanda utando wa kijani kibichi, unaoteleza ukiushika. Wengi huuona uchafu. Ule ni mwani mdogo sana, na baadhi yake hunasa naitrojeni ya hewani, kirutubisho kile kile tunachokinunua kwenye yurea. Mwaka 1939 mtafiti P. K. De alilieleza hilo kwa mashamba ya mpunga ya India. Hali ikiwa nzuri, hekta moja hupata kilo 20 hadi 30 za naitrojeni kwa msimu. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23. Kwa mkulima wa Katavi, hiyo si haba.

Ila mpunga hauipati papo hapo: mwani hufa kwanza, ukaoza, ndipo mizizi ifaidi. Na ukimwaga yurea nyingi mapema, mwani huacha kunasa. Basi usiukwangue ukautupa. Uchanganye na tope wakati wa palizi. Anza na jaruba moja, ukishauriana na afisa ugani wa kata yako. Tafadhali, maji yenye utando huo msinywe wala msinyweshe mifugo, maana aina nyingine zina sumu.