Kuanguka Si Mwisho wa Safari

Ndugu wanafunzi, Wakristo, Waislamu na wengine wote, haya yanatuhusu sote.

Nimekuja kuzungumzia afya, lakini nitaanza na habari zangu. Mwaka 2014 nikiwa kidato cha tatu nilipata mimba. Somo la uzazi nililijua, tena mtihani nilifaulu! Ila kumwambia hapana mtu niliyempenda sikuweza. Shule nikafukuzwa. Kanisani nikaacha kwenda, maana kila jicho niliona linanihukumu.

Shangazi akasema, "Aolewe tu, aibu ifichike." Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa wazazi wakiridhia. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Lakini mama hakungoja mahakama. Alikataa palepale: "Atazaa, atalea, kisha atasoma."

Nikasoma usiku, mtoto mgongoni. Kidato cha nne na cha sita nikafanya kama mtahiniwa binafsi.

Aliyenirudisha kanisani ni mama mmoja wa kwaya. Alinikumbusha habari za Petro, aliyemkana Bwana wake mara tatu usiku mmoja, lakini ndiye aliyekuja kukabidhiwa kondoo. Nililia sana. Nikaelewa kwamba kutubu sio kujichapa kila siku. Ni kugeuka, ukaanza kutembea.

Nikiwa chuo kikuu akaja mchumba. Nilimweleza yote mapema. Alinyamaza wiki nzima, na wiki ile jamani niliiona mwaka! Aliporudi alisema, "Na mimi ninayo yangu," akanieleza. Tulipokwenda kwa mchungaji akatuuliza, "Mmepima?" Tukaenda kupima pamoja. Majibu ni siri yetu, lakini hofu ilipungua kwa sababu tulikwenda wawili, na tulijua kwamba VVU havizuii ndoa. Anayetumia dawa vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, na watoto wanaweza kuzaliwa salama.

Basi, mshike haya matatu:

1. Msamaha wa Mungu ni wa kweli, lakini hauchukui nafasi ya kipimo. Omba, na kituo cha afya uende. Tangu mwaka 2019 sheria ya Tanzania inaruhusu kijana wa miaka 15 kupima VVU bila kusubiri idhini ya mzazi.

2. Ndoa si dawa ya kosa. Ukiolewa ili ufiche aibu, aibu utaihamishia nyumba nyingine. Mume wangu hakunioa kwa kunihurumia. Tulikutana kila mtu akiwa amesimama kwa miguu yake.

3. Shule ina mlango wa kurudia. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu mwanafunzi aliyekatiza masomo kwa ajili ya mimba arudi darasani. Nanyi wavulana, msicheke huko nyuma! Mimba haiji kwa msichana peke yake. Mwenzako akirudi, mpishe akae.

Mwanangu sasa ndiye anayetusomea Biblia jioni nyumbani. Akikosea neno anarudia mstari, tunaendelea.

Mwenye swali aulize, na asiyeweza kuuliza mbele ya watu anisubiri nje.